Nesi na Ufunguo wa Friji

Ufunguo wa friji ya chanjo aliuvaa shingoni kwa kamba ya kiatu, chini ya gauni lake jeupe, na usipomjua ungedhani ni rozari. Rozari wapi! Kanisani alikuwaga anaonekana kwenye harusi na misiba tu. Akiinama kumpima mtoto, ufunguo ulichomoka ukaning'inia mbele ya uso wa mtoto, na watoto wangu wote waliwahi kuushika wakaupeleka mdomoni. "Wewe, huo hauliwi," aliwaambia kwa upole ambao sisi mama zao hatukuwahi kuuonja.

Sisi alitufokea. Kijiji chetu kiko pembeni ya barabara ya Bunda kwenda Kisorya, zahanati ni moja, na kwa miaka mingi mwenye chanjo alikuwa yeye peke yake. Jina lake nalijua na silitaji. Hata hivyo hakuna aliyemwita kwa jina, alikuwa Nesi basi.

Nasema mapema, usije ukanisikiliza ukadhani nimekuja kumsifu. Nilimzika mtoto wangu mmoja, Magesa, kwa kuhara, akiwa na miezi saba, na alikuwa amekunywa matone yote mawili ya kuzuia kuhara kutoka mkononi mwa Nesi huyu. Kwa zaidi ya miaka kumi nimejiuliza ni kwa nini. Na mwaka huu binti yangu Bhoke alipojifungua, swali hilo likamfuata kwake Bweri, likakaa kati yetu na kitoto chake.

Lakini nianze na ufokaji. Ukipitisha siku moja kwenye tarehe ya kadi, ulisimamishwa mbele ya wenzako kama mwanafunzi aliyechelewa namba ya asubuhi. "Mama Bhoke, siku ya kupanda pamba unaijua, eh? Mvua ikianza tu hulali. Mtoto ndiyo unamsahau?" Mimi nami si mtu wa kumeza maneno. Nikamwambia, "Nesi, pamba hainyonyi usiku kucha." Wanawake wakaangua kicheko. Yeye mwenyewe alicheka mpaka akajifuta machozi, halafu akaniweka mwisho wa foleni. Nikakaa pale mpaka saa nane.

Huyo huyo alikuwa na sufuria ya uji wa ulezi nyuma ya zahanati kwa ajili ya waliotembea kutoka mbali. Hakutangaza. Alikufokea kwanza, akamchoma mtoto, kisha akakunong'oneza, "Nenda nyuma, kuna kikombe." Alitusimamia tunawe mikono, kidole kwa kidole, na sabuni, halafu ungemkuta mchana anachuma pera kwenye mti wa nje, analifuta kwenye gauni, anauma. Ukimkumbusha anasema, "Hili ni pera la serikali, halina vijidudu."

Wanaume hawakumpenda. Wazee aliwaamkia kwa heshima zote, hakuna shikamoo iliyompita, lakini akimkuta baba kijana zahanati alimuuliza mbele ya watu, "Ndama wako mdogo ana umri gani?" Baba anataja mpaka wiki. "Na mwanao?" Baba anaanza kuhesabu kwa vidole. Mume wangu alikutana na swali hilo mara moja tu, na tangu siku hiyo alikuwa anazunguka nyuma ya soko ili asipite mbele ya zahanati.

Matone yalipokuja kwa mara ya kwanza alitukusanya tukakaa chini, akatueleza. Nakumbuka maneno yake kwa sababu nimeyarudia mwenyewe mara nyingi, mengine kwa uchungu. Alisema kuhara kuko kwingi. Kuna kwa maji mabaya, kuna kwa mikono michafu, kuna kwa chakula kilicholala. Matone haya ni ya mdudu mmoja tu, anaitwa rota, ila huyo mdudu ndiye fundi wa kukausha watoto wachanga. "Kwa hiyo mwanao atahara tena, na usinijie hapa na matusi. Mimi nataka ahare huku anacheza. Sitaki ahare mpaka anabebwa kama kitambaa."

Mwanamke mmoja akauliza, "Sasa Nesi, yanazuia au hayazuii?"

"Mwavuli unazuia mvua?"

"Unazuia."

"Na miguu?"

Nikadakia mimi, kimbelembele, "Miguu inalowa!"

"Basi. Mimi nakinga kichwa."

Alikuwa na sababu ya kuyapenda yale matone. Ujana wake alifanya kazi wodi ya watoto, kabla hayajaletwa, na alituambia kiangazi kikifika vitanda vilikuwa vinabeba watoto watatu watatu, mmoja kichwa huku mwingine kichwa kule, na mama zao wamejikunja sakafuni. Alisema alijifunza kutafuta mshipa kwenye kichwa cha mtoto kwa sababu mkononi haukuonekana tena. Miaka miwili mitatu baada ya matone kufika, nilimkuta mwisho wa kiangazi amekaa kwenye benchi peke yake. Akaniambia kwamba msimu mzima amewapeleka Bunda watoto wachache tu wa kuwekewa dripu, wakati zamani alikuwa anapeleka mpaka anawachanganya majina. Aliyasema kwa sauti ya chini, kama vile anaogopa kuna mtu atasikia amnyang'anye. Mimi nilisikia nikaenda zangu, maana wakati huo Magesa alikuwa ameshakufa.

Hapo ndipo yanapoingia meno.

Kwetu mtoto akitapika na kuhara huku fizi zimevimba, wazee walisema ana meno ya plastiki, yaani meno mabaya yaliyojificha ndani ya fizi, ambayo yasipong'olewa yanamwua. Ng'ambo ya korongo kulikuwa na bibi aliyeyang'oa kwa spoku ya baiskeli iliyonolewa. Nesi aliichukia spoku, si bibi. Ulezi wa uji wake alinunua kwa bibi huyo huyo, na wakikutana gulioni walisalimiana vizuri, wakaulizana habari za miguu, kisha Nesi anasema, "Bibi, umeng'oa tena?" na bibi anasema, "Umechoma tena?" Sisi alituambia wazi kwamba hayo ni meno ya kweli ya mtoto, wakati wake haujafika tu. "Anafukua mbegu shambani halafu anawaonyesha: haya ndiyo magugu."

Nilicheka sana maneno hayo. Ndipo Magesa akaugua.

Alianza kutapika asubuhi, mchana akaanza kuhara maji matupu. Nilimpa maziwa akayarudisha. Mama mkwe wangu akamfunua mdomo, akabonyeza fizi kwa kidole, akasema, "Haya hapa. Unangoja nini?" Na mimi niliyecheka na Nesi, mimi mwenye mdomo mrefu kwenye foleni, nikamfunga mwanangu mgongoni nikavuka korongo. Bhoke alikuwa na miaka tisa, alinifuata nyuma amebeba nguo za kumbadilisha. Bibi alimng'oa mawili. Magesa alilia bila machozi, na sikujua kwamba mtoto akilia bila machozi ni jambo la kukimbilia. Nilirudi naye nyumbani nikangoja apone.

Kesho yake asubuhi macho yalikuwa yameingia ndani na utosi umebonyea. Nesi alipomfinya ngozi ya tumbo ilibaki imesimama. Hakunifokea. Kwa mara ya kwanza tangu nimfahamu hakunifokea, na hicho ndicho kilichonitisha kuliko yote. Alifunga zahanati, akapanda nasi pikipiki mpaka Bunda, anamdondoshea maji ya chumvichumvi kwa kijiko njia nzima. Hospitali walihangaika na mishipa. Ilipofika saa sita mchana Magesa hakuwepo tena.

Mama mkwe alisema nilichelewa kwenda kwa bibi wa meno. Hospitali walisema nilichelewa kufika hospitali. Walikuwa hawajuani, lakini mchelewaji wao wote wawili alikuwa mimi. Nikakubali. Nani mwingine? Matone alikunywa, kadi ilikuwa na tarehe zote. Kilichobaki ni ile siku moja niliyoitoa kwa spoku.

Nesi alikuja msibani akakaa mpaka tukaanua matanga. Mtumishi wa serikali kwa kawaida anakuja, anatoa rambirambi, anasaini daftari, anaondoka. Huyu alilala chini na sisi, alichota maji, aliosha masufuria, mpaka shangazi zangu wakaulizana kama ni ndugu wa upande wa nani. Siku ya tatu nilimuuliza, "Nesi, na yale matone?"

Alikuwa anasugua sufuria na majivu. Hakuinua kichwa. "Mwavuli, Mama Bhoke."

"Miguu inalowa," nikasema.

"Ndiyo, mama."

Basi. Nikayasamehe matone. Mwenyewe sikujisamehe.

Baada ya msiba ule Nesi alianza tabia mpya, na kijiji kizima kikamcheka. Kabla hajampa mtoto matone, alikuwekea kichupa kiganjani akakwambia, "Soma." Wengine wetu hatujui hata herufi, lakini hapakuwa na herufi za kusoma. Kwenye kile kichupa pana alama ya duara lenye rangi, na ndani ya duara kamraba kadogo. Kamraba kakiwa keupe kuliko duara, dawa ni nzima. Joto likiipata, kamraba kanakolea kidogo kidogo, na hata ukairudisha kwenye barafu hakarudi kuwa keupe. Kakishafanana na duara, dawa ni ya kutupa, hata kama kwa macho maji ni yale yale. Alitufundisha hivyo mmoja mmoja, bila kuchoka.

"Kakoje?"

"Keupe."

"Sema kwa sauti, wenzako wasikie."

"Keupe, Nesi!"

Watoto waligeuza jambo hilo mchezo. Walikuwa wanapanga mawe kwenye vumbi, mmoja anajifanya Nesi, wengine wanajibu "keupe!" na Bhoke wangu ndiye alikuwa Nesi wa kudumu. Wakaguzi kutoka wilayani walipokuja wakakuta wanawake wanakagua vichupa juani, mmoja akauliza kama zahanati imeajiri wataalamu wapya. Nesi akamjibu, "Ndiyo, na hawa hawahamishwi."

Na jambo lingine. Nimesema ufunguo ulikaa shingoni mwake. Kabla ya hapo hakuwahi kumpa mtu, hata mhudumu wa zahanati aliyekuwa anafagia chumba kile kile kila siku. Alisema watu wataweka soda kwenye friji ya chanjo, na kweli mwenyekiti wa kijiji aliwahi kuomba aweke sato wake wawili wasioze. Baada ya msiba wa Magesa alienda Bunda mjini, akachongesha ufunguo wa pili, akamvalisha mhudumu kwa mkono wake. Niliona nikashangaa, nikasema uzee unamlainisha.

Nilipomzaa Wambura, wiki ya sita alikuja mpaka nyumbani, kikasha cha baridi begani, jua kali. Akaniwekea kichupa mkononi. "Keupe," nikasema. "Angalia tena." "Keupe, Nesi." "Tena." Nikakasirika, nikamwambia mimi si kipofu. Akampa mtoto taratibu, pembeni mwa shavu ili asiyateme, kisha akakiinua kichupa kitupu akakikagua tena mwenyewe. Nikadhani ni jua linamsumbua macho.

Alipostaafu alihamia Bweri, pembeni mwa mji wa Musoma, akajenga vyumba viwili, akafuga kuku. Tuliagana kwa kuchinja. Kwa miaka kadhaa sikumwona, ila nilijua alipo, na Bhoke alipoolewa na fundi seremala wa huko huko Bweri nilifurahi kwamba Nesi yuko karibu.

Bhoke akajifungua mtoto wa kike. Nilienda kumwangalia mjukuu akiwa na miezi miwili na wiki moja, nikafungua kadi, maana Nesi alishatuharibu sote, ukiona kadi lazima ufungue. Sindano zipo. Ya matone pako wazi.

"Mbona hapa?"

"Hayo sitaki, mama."

"Hutaki nini? Umeolewa na seremala au na mganga?"

Hakucheka. "Magesa alikunywa yote mawili. Nilimbeba mimi mwenyewe siku ya la pili. Yamemsaidia nini?"

Nilijaribu jibu la mwavuli, akaniambia, "Mama, unaongea kitu ambacho wewe mwenyewe hukiamini." Nilitaka kumzaba kofi, maana alikuwa amesema kweli. Kliniki walikuwa wameshamwambia asikawie, matone haya mtoto anaanzishiwa akiwa bado mchanga. Kiangazi kilikuwa kimeanza, na nyumba ya jirani walikuwa na mtoto anayehara. Kila nikimwangalia mjukuu naangalia utosi wake. Usingizi ukanikimbia.

Siku ya tatu nikasema, twende kwa Nesi, huyo akishindwa nami nimeshindwa. Tukapanda bodaboda asubuhi, Bhoke na mtoto katikati, mimi nyuma.

Alikuwa kibarazani anapukuchua mahindi. Amepungua, miguu imevimba. Niliangalia shingoni kwanza: hapana kitu. Bhoke akamwamkia, "Shikamoo bibi." "Marahaba mjukuu wangu. Lete huyo." Akampakata mtoto, akamgusa utosi, akamfunua kope, mikono ikajua yenyewe kazi yake. Nikamweleza kilichotuleta. Nilimweleza kwa utani, nikisema nimemletea mkaidi amfoke kidogo, maana sisi hatujafokewa siku nyingi.

Alisikiliza mpaka mwisho. Nilikuwa nasubiri mwavuli.

"Mama Bhoke, kaa chini."

"Nimeshakaa, Nesi."

"Basi kaa vizuri." Akamrudishia Bhoke mtoto. "Magesa tone la kwanza lilikuwa zima. La pili sijui."

Nikamuuliza hujui nini.

Akasema. Kabla ya siku ile ya tone la pili alikuwa Butiama kwa siku tisa, msiba wa kaka yake mkubwa. Hakuaga wilayani, alijua hawatampa siku tisa, na kwa kaka mkubwa huwezi kuondoka kabla hawajanyoa nywele na kugawa majukumu, utaambiwa wewe ndiye mchawi. Akaondoka na ufunguo shingoni. Huku nyuma gesi ya friji ikaisha, siku gani hajui. Mhudumu alisikia harufu ya ule moto wa gesi unaoendesha friji haipo, akaenda kwenye friji, akaona kufuli, akarudi kufagia. Hakuwa na ufunguo wa kuzitoa chanjo azihamishie kwenye baridi.

"Nimerudi asubuhi, ndani ya friji ni joto kama kabati. Nje mmekaa kwenye nyasi. Wengine wametoka mbali, wiki iliyopita walishakuja wakakosa. Nikachukua vichupa nikaviangalia. Kamraba kamekolea. Kulikuwa na mawingu siku ile, nikajiambia ni mawingu. Nikaviangalia dirishani, nikajiambia bado kuna tofauti kidogo na duara. Mama Bhoke, ningevitupa ningetakiwa kuandika kwa nini, na ningeandika nilikuwa wapi. Nikatoka nje nikaanza kuwapa watoto."

Kuku walikuwa wanadonoa mahindi yaliyodondoka. Hakuna aliyewafukuza.

"Wangapi?" Bhoke ndiye aliyeuliza.

"Tisa. Nimewafuatilia wote, mpaka walipoanza shule. Wanane wazima. Mmoja ndiye wako."

Nilimwambia maneno ambayo sijawahi kumwambia mtu mzima. Nikamwambia umelala kwenye mkeka wa mwanangu, umeosha sufuria zangu, ukaniangalia. Mama mkwe wangu amekufa anasema mimi ndiye niliyemuua mjukuu wake. Umenisikia nikisema miguu inalowa, ukaitikia "ndiyo, mama".

"Niliitikia."

"Ukaniachia yale meno peke yangu!"

"Nilikuachia. Kila siku ya ule msiba nilisema kesho nitamwambia. Msiba ukaisha. Baadaye nikasema nikimwambia, wanawake wote watakataa matone, na watoto watarudi kulala watatu watatu. Huo ulikuwa ukweli, na nilijificha ndani yake."

"Kwa hiyo matone mabovu ndiyo yalimuua."

"Sijui!" Alipiga goti lake kwa ngumi, na kwa mara ya kwanza siku ile nikamsikia Nesi wa zamani. "Ningejua ningelala. Matone mazima nayo yanakinga wengi, si wote, mtoto mmoja mmoja anapita. Tone moja zima nalo linakinga kiasi. Labda lilikuwa joto. Labda ni ile siku ya spoku. Labda hata angepata yote mazima na ukamkimbiza hospitali saa ile ile, angekufa. Ninachojua ni kwamba nilikuwa na haki ya kusema sijui, na sikuwa na haki ya kunyamaza."

Nilisimama. Nilitaka kwenda, sikujua wapi. Bhoke alibaki amekaa, mtoto ananyonya.

"Bibi," akasema, "sasa ya mwanangu nitajuaje kama ni mazima?"

Nesi akamtazama. "Wewe ndiye uliyekuwa unacheza mawe?"

"Keupe," Bhoke akasema taratibu.

"Usipokee kichupa mpaka ukione mwenyewe. Mwanga wa nje, si wa ndani. Ukiona kamekolea, kataa, rudi kesho, mtukane nesi ukitaka. Ukiona keupe, mpe mtoto. Na akija kuhara siku yoyote, awe na tone asiwe nalo, maji ya chumvichumvi na uende. Usipite popote."

Bhoke akafunga kanga. "Mama, twende kliniki." Nilimkodolea macho. Akaniambia, mbele ya Nesi, "Wote wananiambia nisiogope. Huyu ndiye wa kwanza kuniambia cha kuogopa."

Nesi akajaribu kuinuka, miguu ikakataa. "Mkitoka mpite mniambie."

"Hatupiti," nikasema.

Kliniki foleni ilikuwa ndefu na nesi ni binti mdogo, mwepesi wa mikono. Bhoke alipoomba kichupa, binti akasema, "Mama, wenzako wanasubiri." Bhoke hakuondoka. Binti akampa, na Bhoke akatoka nacho hadi mlangoni, akakiinua kwenye jua, akakiangalia muda mrefu. Nami nilichungulia, haki ya Mungu, nilichungulia kama sijawahi kuona kamraba maishani.

"Keupe," Bhoke akasema.

"Nini keupe?" akauliza mwanamke aliyekuwa nyuma yetu, akanyoosha shingo. Bhoke akamwonyesha. Binti wa kliniki akauliza, "Nani kakufundisha hivi?" Bhoke akanitazama mimi nijibu. Nikasema, "Nesi mmoja wa Bunda."

Mjukuu wangu alimeza yote, tone kwa tone, pembeni mwa shavu, akajilamba.

Kwenye bodaboda dereva akauliza kama ananyoosha moja kwa moja. Juu ya bega la Bhoke nilikuwa naona kakofia ka mtoto kanatikisika na barabara. Nilifikiria spoku, na kufuli, na lile goti lililopigwa ngumi. Hasira ilikuwepo, ipo hata sasa ninavyosimulia. Nikasema, "Pita pale kwenye ile nyumba ya kuku."

Alikuwa amekaa vile vile tulivyomwacha, gunzi moja mkononi, halijapukuchuliwa. Pikipiki ikapunguza mwendo. Sikushuka.

"Ni keupe!" nikapaza sauti juu ya ua.

Mkono wake ukaenda shingoni, ukatafuta ule ufunguo, haukuukuta, ukabaki hapo hapo.

"Twende," nikamwambia dereva.